Sura Kumi na Mbili Juu ya Minyaa

Macho ya Nyanjige yaliharibiwa na kazi. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu watu wa kijijini kwao walikuja kuwa na maelezo mengine, na maelezo yao ndiyo yaliyoshinda.

Kwa miaka karibu ishirini aliinamia beseni la tindikali ya betri ndani ya ghala la chama cha ushirika mjini Bariadi, unyoya wa bata mkononi, akipangusa mapovu yaliyoota juu ya bati la zinki ili mistari ya picha iliwe sawasawa. Mvuke ulipanda ukamwingia machoni, naye akajifuta kwa kiwiko akaendelea. Wageni waliotoka Nairobi, Kampala na Ulaya kuja kujifunza hapo walivaa miwani ya plastiki, wakakohoa, wakakimbilia nje kupunga upepo. Nyanjige aliwacheka. Mwisho macho yake yakawa mekundu moja kwa moja, kama ya mtu anayetoka msibani kila siku, na hayakurudi tena kuwa meupe.

Karakana yenyewe iliitwa Ghalani, basi. Kasmiri, mtu wa Kalemela aliyesomeshwa uchapaji wa picha ng'ambo akarudi na ndevu na ukaidi, alipewa kona ya ghala hilo miaka ya sabini ili awachapie wakulima mabango ya kupulizia pamba dawa. Mabango aliyachapa. Lakini humo ndani alikuta mtambo mbovu wa kufungia marobota ya pamba, akautengeneza, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichokuwa salama Bariadi. Alikandamiza kwenye karatasi ngozi za ng'ombe zenye chapa za moto za koo mbalimbali, magunia, majembe yaliyolika, maganda ya mihogo, mpaka kandambili za mlinzi. Nusu ya majaribio hayo ilikuwa upuuzi mtupu. Nusu nyingine ilikuwa mambo ambayo macho ya watu hayajawahi kuyaona, na habari zikasafiri. Wachoraji wakaanza kuja, wakajifunza, wakaenda kufungua karakana zao kwa mtindo wa Ghalani. Vitabu vya ng'ambo vikaitaja Bariadi, mji ambao wenyewe tulijua unatajwa kwenye habari za pamba tu.

Nyanjige aliingia hapo kama mfagizi, mjane asiye na mtoto, aliyekuja mjini baada ya shemeji zake kugawana ng'ombe wa marehemu. Wanaume wa Ghalani waliiogopa tindikali. Yeye hakuiogopa, basi Kasmiri akamtoa kwenye ufagio akampa beseni. Baadaye akampa na sindano ya kuchorea.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Kasmiri hakuitania. Picha ikishachapwa idadi iliyokubaliwa, bati lake lilichanwa kwa msumari, mchano mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe, ukipita hapohapo katikati ya picha. Kisha lilichapwa mara moja ya mwisho pamoja na mchano wake, iwe ushahidi kwamba hakuna atakayetoa nakala nyingine kwa siri. "Aliyenunua picha yangu amenunua ahadi," alikuwa akisema. Wafanyakazi waliliita tendo hilo kustaafisha bati. Walikusanyika, msumari ukapita kwa mlio wa kukereketa meno, nao wakapiga kelele: limestaafu hilo, lipeni kiinua mgongo! Mara ya kwanza inauma kuona kazi yako imepasuliwa uso. Ukishazoea, huoni tena. Jicho la mchapaji hujifunza kuuruka mchano na kutazama kilicho chini yake: mstari, kivuli, wino ulivyoshika. Nyanjige alikuwa amefika hatua hiyo zamani sana.

Mwaka 1989 Kasmiri aliwaambia wachapaji wake kila mtu aende kwao alete kitu cha kwao. Nyanjige alipanda lori la ushirika hadi kijijini, upande wa Zagayu, amebeba mabati kumi na mawili yaliyopakwa nta ya nyuki na lami, ili baadaye tindikali ile pale tu sindano ilipokwaruza. Alikaa nje ya nyumba ya mdogo wake Ndaki, akawaita majirani mmoja mmoja na kuwachora kwa sindano palepale kwenye bati.

"Kaa uso kwenye mwanga," aliwaambia. "Usitikisike."

Walikaa. Mayala, jirani wa shamba la pili, alishindwa kabisa kuzuia kicheko, basi akamchora anacheka. Mektilda, mke wa Mayala, aliinua kidevu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mzee Sylvester, katekista, alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Felisita, mke wa Ndaki, alijipaka mafuta shingoni mpaka akang'aa. Mama mmoja alikaa na mtoto wake mgongoni, Winnie, naye Nyanjige akamchora huyo mtoto na kumwacha mama. Ilikuwa wiki nzuri. Wote waliuliza swali moja: nitaipata lini sura yangu?

"Nitawaletea," alisema Nyanjige, na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote.

Hakuwaletea. Sura zile kumi na mbili zilikuwa kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka Ghalani, hata Kasmiri alikiri, naye hakuwa mtu wa kukiri. Nakala zote zilipakiwa zikaenda kwenye maonyesho, na huko zikabaki. Mabati yakastaafishwa. Kila Nyanjige aliporudi likizo, Mayala alimsimamisha njiani, akimwita mayu, yaani mama, kwa heshima.

"Mayu Nyanjige, sura yangu iko wapi?"

"Iko Ulaya, baba, inakula mkate na siagi."

"Na ya mke wangu?"

"Wako pamoja. Wanakusalimu."

Walicheka wote. Nyanjige alikuwa akienda zake na aibu kidogo moyoni.

Halafu ukaja wakati wa soko huria. Wakubwa walisema kila mtu ruksa kununua pamba, na wanunuzi wakaja kweli, kila mmoja na mizani yake na uongo wake. Chama cha ushirika kiliugua taratibu kikafa ghafla. Ghala likauzwa. Mtambo wa Ghalani ulikatwakatwa ukaenda na vyuma chakavu, mabati akayachukua Muksini mwenye duka akazibia paa la stoo yake, na picha nzuri zilizobaki akaondoka nazo Kasmiri, aliyekuwa amepata kazi ya kufundisha nchi ya mbali. Kabla hajaondoka alimwambia Nyanjige achague anachotaka.

Nyanjige alichukua bati moja jipya, sindano, kopo la wino, na zile nakala kumi na mbili za mwisho zenye michano, ambazo hazikuwa na mnunuzi.

"Za nini hizi?" aliuliza Kasmiri.

"Ni watu wangu."

Kasmiri alimtazama, akamshika bega. "Ukaonyeshe macho hayo hospitali," alisema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwake, na yalikuwa ya busara, ila hakusema hospitali gani.

Basi akarudi nyumbani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na Ndaki akamjengea kibanda cha nyasi pembeni ya nyumba yake. Ndaki alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Alimpenda dada yake kwa jinsi mtu anavyompenda aliyemlea, maana ndiye aliyemlea. Nyanjige hakutaka kitu kingine duniani: kuishi hapo, kula na Felisita sahani moja, kuzeeka kwenye mji wa mdogo wake. Hilo tu.

Lakini kijiji alichorudia hakikuwa kile cha mwaka 1989. Dawa ya pamba, ambayo zamani ushirika uliwakopesha wakulima, sasa ilikuwa ya mwenye fedha mkononi, na wasio nazo waliwatazama funza wakila vitumba vyote mpaka shina. Zahanati nayo ilikuwa imeanza kutaka uje na sindano yako na pesa yako. Mzee Sylvester alivimba tumbo, akafa akingojea nauli. Mektilda alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto akakaa vibaya, na mwenye lori la kumkimbiza Bariadi akataka kwanza ajaziwe dizeli. Mpaka dizeli ipatikane, Mektilda na mtoto walikuwa wamekwisha. Winnie, yule wa mgongoni, aliyekuwa sasa anasoma darasa la pili, alikufa kwa surua. Mtu mwenye akili timamu anaona kilichowaua. Lakini huwezi kulishika soko huria shingoni. Watu walitaka kitu chenye miguu, na walianza kukitafuta.

Na katika nchi ile, miaka ile, mwanamke mtu mzima mwenye macho mekundu hakuwa na raha. Wengi waliyapata kwa moshi, maana kuni zilikwisha wakabaki wanapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, na moshi wake unachoma. Hakuna aliyetaka kusikia habari za moshi. Walisema ni nogi, mchawi, na mara nyingi hawakuishia kusema. Felisita alimshauri wifi yake asiwatazame watoto wa watu usoni. Nyanjige aliona ni upuuzi, lakini akaanza kutembea ameinamisha kichwa.

Mvua za Machi mwaka 1996 zilikuwa kubwa, na paa la kibanda lilikuwa limechoka. Asubuhi moja alikuta gunia alilolificha chini ya kitanda limelowa chapachapa. Alilivuta nje. Karatasi nzito ikilowa na kubaki imekunjwa huota ukungu, na ukungu haufutiki. Basi akafanya alichokifanya kila siku ya maisha yake Ghalani: akazianika. Hakuwa na waya wala vibanio, lakini uzio wa minyaa wa Ndaki ulikuwa mrefu, umekatwa vizuri kichwani, unaelekea njia ya kisimani. Akatandika kanga zake juu ya minyaa, utomvu usije ukachafua, akazipanga sura kumi na mbili zikitazama jua, akazibana kwa vijiti.

Kisha akarudi nyuma kuzitazama, na akafurahi. Alifurahi mno, kama mtu aliyetembelewa. Aliona kidevu cha Mektilda kilivyoinuka. Aliona miwani ya mzee Sylvester mkononi mwake na kivuli chake kifuani, kivuli ambacho tindikali ilikipa weusi wa masizi. Alimwona Mayala anacheka. Hakuona mchano hata mmoja.

Felisita ndiye aliyetoka kisimani wa kwanza. Alitua ndoo.

"Wifi, huyu ni mimi?"

"Ni wewe! Tazama hiyo shingo, si ulikuwa umejipaka mafuta ya mwezi mzima?"

Felisita hakucheka. "Mbona umenikata?"

Nyanjige hakulielewa swali. Aligeuka kuitazama ile karatasi, akaitazama tena, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaona kile ambacho mtu mwingine yeyote angekiona mara moja: majirani zake kumi na wawili wametundikwa mbele ya mji wao, kila mmoja amepasuliwa kutoka paji la uso hadi kidevuni. Watatu kati yao walikuwa kaburini.

Alianza kuzitoa haraka haraka, lakini njia ya kisimani asubuhi haikosi watu. Wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao. Kuficha kulifanya mambo yawe mabaya zaidi. Na Mayala, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake wa jembe, alikuwa amesimama mbele ya mke wake.

Hakuwahi kuwa na picha ya Mektilda. Miaka saba aliingojea, kwa utani na kwa kweli, na tangu amzike aliingojea kwa kweli tu. Sasa alinyoosha kidole kinene cha mkulima akakipitisha juu ya mchano, polepole, toka juu hadi chini.

"Mayu," alisema, "hili ulilifanya lini?"

"Mwaka uleule, baba. Ni sheria ya kazi. Bati likishachapwa—"

"Kabla hajafa."

"Kabla, ndiyo, lakini hata lako, hata la Felisita, yote tuli—"

"Kabla hajafa," alirudia Mayala. Aliitoa ile karatasi kwenye vijiti, akaikunja mara nne, na hata katika hofu yake Nyanjige aliumia kuiona ikikunjwa. Mayala aliitia kifuani ndani ya shati, akawaswaga ng'ombe wake akaenda.

Walimwita mkutanoni. Anatoli, mwenyekiti wa sungusungu, alimsalimia kwa heshima zote, "Mwadila mayu," akampa kigoda akae. Hakuna aliyepiga kelele. Nyanjige alieleza yote: bati, nta, tindikali, idadi, ahadi kwa mnunuzi, msumari. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akiwaeleza wageni.

"Nimekusikia," alisema Anatoli. "Mnamchora mtu, mnamuuza kwa wazungu, halafu mnampasua. Na anayekataa kupasuliwa?"

"Haulizwi, baba. Ni bati."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kibaya. Mwingine akauliza macho yale aliyapata wapi, naye akasema kwenye tindikali. Tindikali mnaitumia kufanyia nini? Kula bati. Wakatazamana. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzamisha zaidi. Nyanjige aliwaona Ndaki na Felisita wamekaa peke yao, watu wamejitenga nao kwa pande zote, na hapo ndipo alipopata wazo lake. Lilikuwa wazo la mchapaji.

"Nina bati moja jipya," alisema. "Kesho nitajichora mwenyewe hapahapa mbele yenu. Nitajichana kama nilivyowachana. Kama michano inaua, na iniue mimi."

Kesho yake walikuja wote, hata wagonjwa. Nyanjige alijitazama kwenye kipande cha kioo cha Felisita akajichora kwa sindano, bila haraka, na watu walipoona uso wake unaota kwenye bati walisogea bila kujijua. Hakujipendelea. Alichora mikunjo, alichora hata kope zilizovimba. Aliupaka uso wa bati wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko kwa uzito wake wote, akaibandua. Sauti ya mshangao ikapita. Kwa dakika chache watu wale walikuwa Ghalani, walikuwa wageni wa Ghalani, na Nyanjige alisahau kabisa kwa nini yuko pale.

Kisha akachukua msumari. Mlio uleule wa kukereketa meno. Alichapa tena, na safari hii ulitoka mstari mweupe katikati ya uso wake kama kovu la siku nyingi. Alimkabidhi Anatoli karatasi.

"Haya. Tungoje."

Watu wakapumua. Wengine wakacheka, kicheko cha kawaida sasa. Mayala mwenyewe alimshukuru, "Wabeja, mayu," na ilionekana amesema kwa dhati. Siku hiyo Nyanjige na Felisita walikula sahani moja, wakaimaliza.

Homa ilimshika wiki hiyohiyo. Ilikuwa malaria, maana mvua zilikuwa zimejaza madimbwi kila mahali. Nusu ya kijiji ilikuwa na homa. Lakini hakuna aliyekuwa na haja na homa ya mtu mwingine. Watu walipita mbele ya uzio wa Ndaki polepole, wakachungulia, wakauliza anaendeleaje kwa sauti ya chini. Felisita alimpangusa jasho. Ndaki alipanda baiskeli kwenye matope hadi Bariadi, akabisha mlango wa duka la dawa la Shifa, akarudi na vidonge vya kwinini ndani ya soksi. Nyanjige alivimeza, akatapika, akavimeza tena. Alipigania uhai wake kwa nguvu zote, kwa sababu aliona akifa hapo watasema michano inaua kweli, na aibu hiyo itabaki kwa Ndaki.

Akapona.

Siku ya kwanza aliyoweza kusimama alichukua ndoo ndogo akaenda kisimani, na tusifiche, alikwenda kujionyesha. Alitaka wamwone. Alifikiri watashangilia. Wanawake walimpisha. Walipisha njia nzima, wakavuta watoto wao nyuma ya kanga, na hakuna aliyeitikia mwangaluka, salamu yake ya asubuhi. Alijaza ndoo peke yake.

Akiwa njiani kurudi ndipo alipoelewa, na alilazimika kuitua ndoo. Angekufa, wangesema: ndiyo hivyo, michano inaua, naye aliwaua wale watatu. Hakufa, basi wamesema: imewaua wenzake, yeye haimwezi, kwa sababu ni yake. Alikuwa amewapa mtihani ambao haukuwa na jibu la kumwokoa. Aliutunga mwenyewe, kwa akili zake, mbele ya mashahidi.

Felisita alianza kumpelekea chakula kibandani, kwenye sahani yake ya peke yake. Aliiweka mlangoni akaondoka akifuta machozi, lakini aliondoka. Nyanjige hakumlaumu. Uso wa Felisita nao ulikuwa kwenye ule uzio.

Ndaki alimjia jioni moja, jua bado lipo. Alichuchumaa, akachorachora chini kwa kijiti kwa muda mrefu.

"Dada," alisema mwishowe, "kwa nini umepona?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anayetaka kweli kujua, yeye aliyevileta vidonge kwa baiskeli yake. Nyanjige alihisi kitu kikikatika ndani yake, na hakikuungika tena.

"Wamekutuma?"

Ndaki alitikisa kichwa, kisha akakubali. "Wananiuliza mimi. Wanasema mimi ndiye ninayekuficha. Nenda Bariadi, dada. Nitakusindikiza mpaka barabarani."

"Bariadi kwa nani? Ghalani wamejaza pamba ya mtu. Na haya macho nitayaacha wapi?" Alimsogelea. "Nikitoroka watasema umemtorosha nogi. Watakuja kwako, kwa Felisita na watoto. Nimekulea ili uchomewe nyumba?"

Ndaki alilia. Nyanjige alimwacha alie, kisha akamshika kichwa kama zamani.

"Waambie sitoroki. Waambie waje mchana tu. Sitaki kazi ya kizani, mimi nimezoea kuona."

Walikuja mchana, vijana ambao hakuna aliyekubali baadaye kuwa anawajua, na nyuma yao Mayala, aliyesema lazima awepo. Nyanjige alikuwa amekaa nje ya kibanda kwenye kigoda, uso kwenye mwanga, hatikisiki, vilevile alivyowakalisha wao. Alimtazama Mayala na kumwona hacheki. Alifikiri kwamba mwaka ule alimpata vizuri, kile kicheko, na kwamba leo angehitaji bati lingine. Hakupata nafasi ya kufikiri zaidi ya hapo.

Felisita ndiye aliyemwosha. Polisi walikuja kutoka mjini, wakauliza, wakarudi. Kule ng'ambo sura kumi na mbili ziliendelea kuning'inia kwenye kuta nyeupe, safi, bila mchano, na kitabu kimoja kiliandika kwamba mchoraji wake alirudi kijijini na kufa kwa ugonjwa.

Mayala bado yuko. Amezeeka, ameoa tena, pamba analima kidogo tu. Ile karatasi aliikunjua siku nyingi zilizopita akaibandika kwa ugali ukutani, mbele ya kiti chake, na alama za mikunjo minne zinaonekana. Ndiyo picha pekee ya Mektilda iliyopo nchini. Mgeni akiingia humtazama yule mwanamke aliyeinua kidevu, akasifu, halafu akauliza huo mchano wa usoni ni wa nini.

"Mchano gani?" huuliza Mayala, na huinuka akasogea karibu na ukuta, akatafuta.